Uso wa Tovuti

Mtu anapoandaa ukurasa wa mwanzo wa tovuti hukutana na istilahi ya Kiingereza iliyotoka magazetini, yenye maana ya "juu ya mkunjo". Gazeti hukunjwa, ukurasa wa tovuti huteremshwa kwa kidole. Tafsiri sisisi, basi, haifai. Neno "baraza", mahali apokelewapo mgeni, lingependeza, lakini katika halmashauri lingechanganywa na Baraza la Madiwani. Twapendekeza "uso wa tovuti": sehemu ionekanayo kabla msomaji hajateremsha ukurasa.

Kazi ya uso ni kumtambulisha mwenyewe. Jina "Mbeya" pekee halitoshi, kwani kuna Mkoa wa Mbeya, Jiji la Mbeya na Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya. Iringa nayo ina Mkoa, Manispaa na Halmashauri ya Wilaya. Mfanyabiashara wa Uyole yumo katika Jiji. Mwenzake wa Mbalizi yumo katika Halmashauri ya Wilaya, ingawa wote hujiita watu wa Mbeya. Atafutaye leseni akiongozwa kwenye ofisi isiyo yake hupoteza nauli na siku.

Kwa hiyo uso ubebe mambo matatu: jina kamili la ofisi, sentensi moja ielezayo kazi yake, na kitenzi kimwelekezacho msomaji, kama "Omba leseni", wala si "Huduma" tu. Picha na salamu za viongozi zaweza kungoja chini. Mwananchi amekuja na haja. Yafaa aione haja hiyo kwanza.