Je, Wajua? Kulalamika Hakuhitaji Wakili
Mkazi wa Kikatiti, wilayani Meru mkoani Arusha, akinyanyaswa na ofisi ya umma anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ya Tanzania bila kulipa hata senti. Asiyejua kuandika husimulia kwa mdomo, na ofisa wa Tume huyaandika. Tume hiyo ilianza kazi mwaka 2001, ikirithi Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966, na hukagua pia magereza. Haigusi kesi iliyoko mahakamani. Kwa Wameru, kuwa na pa kusemea nchini mwao ni jambo kubwa: walipofukuzwa Engare Nanyuki na serikali ya kikoloni ya Waingereza mwaka 1951, mwakilishi wao Kirilo Japhet alilazimika kusafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kudai ardhi yao.