Kupunguza wafanyakazi Nakivale: Haki kwa wanaoondoka na wanaobaki (2)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi fedha za misaada zinavyofika katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda. Sehemu hii inahusu watu waliopoteza kazi, pamoja na wenzao waliobaki wakisubiri zamu yao.

Mwaka 2025 pigo lilifuata pigo. Januari 20, Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Machi 10, Waziri wake wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa. Juni, Filippo Grandi, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa (UNHCR), akatangaza kufutwa kwa nafasi 3,500 za kazi duniani. Julai 1, USAID yenyewe ikafungwa. Kwa mji kama Mbarara, ulio jirani na Nakivale na wenye ofisi ndogo ya UNHCR na mashirika yanayotegemea wafadhili haohao, kila tangazo lilimaanisha kuipitia upya orodha ya wafanyakazi.

Kazi haikupungua. Mashariki mwa Kongo, waasi wa M23 waliiteka Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu mwezi Februari, na Wakongo wakazidi kuvuka mpaka kuingia Uganda. Mei, Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulisitisha msaada wa chakula kwa takriban wakimbizi milioni moja nchini. Mfanyakazi aliyebaki ndiye anayesimama mbele ya mama mwenye watoto na kumweleza kwa nini jina lake halimo kwenye orodha ya chakula, huku mwenyewe akiwa hajui kama mwezi ujao atakuwa na mshahara.

Ari ya watu hawa hutegemea nini?

Joel Brockner wa Chuo Kikuu cha Columbia alichunguza kwa miaka mingi wafanyakazi wanaobaki baada ya wenzao kuachishwa. Aligundua kwamba waliobaki huangalia sana jinsi walioondoka walivyotendewa. Wakiona vigezo havieleweki, au mwenzao ameaibishwa, moyo wao wa kazi hushuka ingawa wao wamesalimika. Mwaka 1990, Jerald Greenberg alichapisha utafiti kuhusu viwanda vya Marekani vilivyokata mishahara kwa asilimia 15. Pale ambapo uongozi ulieleza sababu kwa kina na kuonyesha masikitiko, wizi kazini ulikuwa mdogo kuliko pale palipotolewa tangazo fupi la haraka, ingawa makato yalikuwa yaleyale.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka msingi. Mwajiri anayekusudia kuachisha watu 10 au zaidi ndani ya miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi au za kimuundo anapaswa kumwarifu Kamishna wa Kazi kwa maandishi, pamoja na wawakilishi wa chama cha wafanyakazi. Notisi nayo huongezeka kadiri ya utumishi, hadi miezi mitatu kwa aliyefanya kazi miaka 10 au zaidi. Lakini anayeondoa watu wanane leo na wanane baada ya miezi minne anaweza kubaki nje ya sharti la kutoa taarifa. Upunguzaji wa vipandevipande ndio unaowachosha watu zaidi, na ndio ambao sheria inaubana kidogo zaidi.

Kuna kundi jingine ambalo hesabu hizi hulisahau kwa urahisi: wakimbizi wenyewe. Sheria ya Wakimbizi, nayo ya mwaka 2006, inawapa haki ya kufanya kazi. Hata hivyo, wakalimani wengi na wahudumu wa afya wa vijiji huhesabiwa kuwa wa kujitolea na kupewa malipo madogo ya motisha. Mradi ukifungwa, mkalimani au mhudumu wa namna hii anaweza kuondoka bila barua wala notisi, ilhali ndiye anayezungumza Kiswahili, Kinyarwanda au Kisomali na mgonjwa aliyefika zahanati.

Mashirika hayana uwezo wa kuzirudisha fedha za Washington, lakini namna ya kupunguza watu imo mikononi mwao. Kama ni lazima kupunguza, yapunguze mara moja kwa kina kinachohitajika, vigezo vitangazwe kabla ya majina, na kila anayeondoka aelezwe ana kwa ana. Wakalimani na wahudumu wa vijiji nao wapewe notisi na barua ya kuthibitisha utumishi wao, ili wapate pa kuanzia wanapotafuta kazi nyingine.