Mrehani Katika Baridi ya Kabale

Askari anapopata amri ya uhamisho hubeba kitanda, sufuria na watoto, lakini bustani huiacha nyuma. Anayetoka Jinja au Entebbe kwenda Kabale, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hugundua upesi kwamba mrehani, uliokuwa ukimea bila taabu nyuma ya nyumba yake, huko hudumaa na majani yake huwa meusi. Wengi hulaumu udongo. Adui hasa ni baridi ya usiku.

Asili ya mrehani ni nchi za joto. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi kwa muda mrefu, majani hudhurika. Na jalidi ya usiku mmoja yatosha kuuua mmea mzima. Kwa hiyo, ndugu askari na polisi, msiupande bondeni mahali pa wazi, kwani hewa ya baridi hujikusanya huko usiku. Upandeni ndani ya kopo au debe lililotobolewa matundu chini, ili uweze kuhamishwa asubuhi na jioni kama zamu za lindo.

Jazeni udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Mbegu zifunikwe kwa udongo usiozidi nusu sentimita, na kopo liwekwe ndani ya nyumba mahali penye joto. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 20 au zaidi, mbegu huota kwa siku 5 hadi 10. Baada ya hapo kopo litolewe nje kila asubuhi, liwekwe kando ya ukuta unaopata jua kwa muda wa saa sita hivi, na liingizwe ndani kabla jua halijatua.

Maji yamwagwe asubuhi, penye shina, wala si juu ya majani. Majani yanayolala na unyevu hukaribisha ugonjwa wa ukungu. Ugonjwa huo wa mrehani uliripotiwa kwanza hapa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 2007 ulionekana Marekani. Dalili zake ni jani kugeuka manjano juu, na vumbi la kijivu kutanda chini yake. Jani hilo liondolewe na kuchomwa mara moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mche ukiwa na jozi tatu au nne za majani, kateni ncha yake juu kidogo ya jozi mojawapo. Mahali pa shina moja patatokea matawi mawili. Maua nayo yakatwe yanapochomoza, maana mmea unaozaa mbegu hupunguza kutoa majani mororo ya kutia katika mchuzi.

Asiye na nafasi ya kazi hiyo na apande kivumbasi, ndugu yake mrehani, ambao Waganda huuita mujaaja na kuutia katika chai. Huo ni mgumu zaidi.

Lakini mwenye mrehani asiuache nyuma tena. Tawi likitiwa katika chupa ya maji mahali penye joto hutoa mizizi kwa muda wa majuma mawili hivi. Na mbegu kavu zilizofungwa katika karatasi hazina uzito wowote. Amri ya uhamisho ikija, jamaa ya askari itaondoka na bustani yake mfukoni.