Kidonge cha Sikioni

Ng'ombe wa maziwa huzaa madume pia, nayo hayakamuliwi. Huko Marekani madume ya Holstein huhasiwa, yakalishwa nafaka zizini hadi kuchinjwa. Maksai huyu ana mifupa mikubwa na ulaji mwingi, tena hukawia kunona. Basi hudungwa kidonge chini ya ngozi, nyuma ya sikio. Kidonge hutoa homoni kidogo kidogo kwa miezi, na chakula kile kile kikazaa nyama zaidi. Sikio hutupwa machinjioni.

Je, mlaji naye? Serikali ya Marekani yasema nyama hiyo ni salama. Lakini DES, dawa iliyoanza kulishwa ng'ombe mwaka 1954, ilipigwa marufuku mwaka 1979 kwa hofu ya saratani. Ulaya yaikataa nyama ya homoni kutoka Marekani tangu mwaka 1989. Mwaka 1998 Shirika la Biashara Duniani liliamua kwamba katazo hilo halikutegemea upimaji wa hatari, Ulaya haikuliondoa.

Hatusemi kwamba kidonge ni sumu. Twasema kwamba mfanyakazi anayenunua nyama kwa jasho lake ana haki ya kuambiwa, na huko Marekani sheria haimlazimishi muuzaji kuandika neno hilo juu ya pakiti. Wenye mazizi, wao, hujua kila kidonge na bei yake.