Tanzania na China: Ubalozi, Biashara na Ulinzi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma magazeti ya Dar es Salaam hukutana mara kwa mara na maneno mkataba, mkopo, msaada na urafiki wa jadi. Maneno haya hutumika sana panapozungumzwa uhusiano wa Tanzania na China, nchi mbili zilizo mbali na zisizolingana kwa ukubwa wala kwa nguvu. Makala haya yanaeleza nyanja tatu za uhusiano huo, na kuonyesha kwamba hazieleweki vizuri iwapo tutachanganya msaada na mkopo.

Uhusiano wa kibalozi

China na Tanganyika zilianzisha uhusiano wa kibalozi siku ile ile ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Zanzibar ilifuata Desemba 1963. Mwalimu Nyerere alizuru Beijing Februari 1965, ukatiwa saini mkataba wa urafiki. Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Tanzania Juni mwaka huo huo.

Kila upande ulikuwa na haja yake. Tanzania ilitafuta marafiki bila kufungamana na upande wowote. China ilitafuta kura za kuirejesha kwenye kiti chake Umoja wa Mataifa, kilichokuwa kikishikiliwa na serikali ya Taiwan. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha azimio lililopitishwa tarehe 25 Oktoba 1971, na balozi wake, Salim Ahmed Salim, alikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1981 Salim alipogombea ukatibu mkuu wa umoja huo, China ilimuunga mkono, ingawa kura ya turufu ya Marekani ilimzuia.

Reli na biashara

Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia, nchi isiyo na bahari, ikabaki ikitegemea njia za kusini kusafirisha shaba yake. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi hazikukubali kugharamia reli ya kwenda Dar es Salaam. China ilikubali, na mkataba ukatiwa saini Septemba 1967. Ujenzi ulianza 1970. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa Julai 1976. Zaidi ya Wachina 60 walipoteza maisha katika kazi hiyo, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto.

Watu wengi husema China "iliwapa" Watanzania na Wazambia reli. Kwa hakika ulikuwa mkopo usio na riba, yuan milioni 988, wa kulipwa kwa miaka 30. Aidha, sehemu kubwa ya gharama za ndani, kama vile mishahara ya vibarua, haikulipwa kwa fedha za kigeni. China ilileta bidhaa kwa mkopo, mashirika ya umma ya Tanzania na Zambia yakaziuza, na mapato yake yakalipia ujenzi. Hivyo reli iliyotokana na siasa ndiyo iliyofungua njia ya bidhaa za Kichina madukani.

Siku hizi China ni mshirika mkubwa wa biashara wa Tanzania, lakini urari wa biashara umeelemea upande wa China: Tanzania huuza ufuta na madini, na hununua mashine, vifaa vya ujenzi na bidhaa nyingine nyingi za viwandani. Makubaliano ya mwaka 2022 ya kuuza parachichi China yanapunguza pengo hilo kwa kiasi kidogo tu.

Ulinzi

Maasi ya askari ya Januari 1964 yalisababisha jeshi lililorithiwa kutoka kwa Waingereza kuvunjwa, na JWTZ ikaundwa Septemba mwaka huo. Kanada ilitoa mafunzo hadi 1970. Baadaye China ikashika nafasi ya kwanza, ikajenga kituo cha wanamaji Kigamboni na kile cha anga Ngerengere. Wakufunzi wa Kichina pia waliwafunza wapiganaji wa FRELIMO huko Nachingwea. Ushirikiano huo unaendelea: mwaka 2024 majeshi ya Tanzania, China na Msumbiji yalifanya mazoezi ya pamoja nchini Tanzania.

Hitimisho

Kiswahili nacho kimo katika uhusiano huu. Redio ya Peking ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961, na lugha hii imefundishwa Beijing tangu miaka hiyo.

Kwa walimu, mada hii inafaa kwa somo la msamiati. Wape wanafunzi habari moja ya gazeti, kisha waulize: hapa nani anatoa, nani anakopa, na nani atalipa? Msaada haurudishwi; mkopo hurudishwa hata kama hauna riba. Neno urafiki linaweza kubeba yote mawili, ndiyo maana msomaji makini hutafuta neno lililo nyuma yake.