Maji pekee hayatoshi

Kiangazi kikikolea Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, mito hubaki mchanga mtupu. Hapo ndipo akina mama wanaposhika jembe na sufuria, wakachimba mchangani hadi maji yaanze kujikusanya chini ya shimo. Huchota kikombe, wakasubiri, wakachota kingine, mpaka mtungi wa lita 20 ujae na punda afungwe mzigo. Maji hayo ni matamu, ila mto ni wa wote: mbuzi hunywa humo, ng'ombe hupita humo, na mvua ya kwanza husomba humo kila uchafu wa vichakani.

Njia nyingine ni kisima kilichochimbwa kwa mashine. Maji yake yametoka chini kabisa, hayana kinyesi cha mifugo, lakini Ukambani visima vingi vya namna hiyo vina chumvi. Sabuni haitoi povu, chai haina ladha yake, na mgeni anayemaliza glasi nzima hubaki na kiu yake. Kwa hiyo mkazi wa huku mara nyingi huchagua kati ya maji yanayoweza kumharisha na maji yasiyomkata kiu. Ajabu ni kwamba yale ya kwanza yakimwangusha mtoto, kitakachomwinua ni chumvi, hiyo hiyo inayolalamikiwa kwenye pampu. Tofauti iko kwenye kipimo.

Mtu mzima wa kilo 70 ana lita 42 hivi za maji mwilini. Thuluthi mbili zimo ndani ya seli, na thuluthi moja iko nje yake, ikiwemo ile inayozunguka kama damu. Kinachoyaweka maji hayo mahali pake ni madini ya chumvichumvi: sodiamu hutawala nje ya seli, potasiamu hutawala ndani. Maji hufuata chumvi iendako. Ndiyo maana mwili haukubali mchezo na vipimo hivi. Sodiamu katika damu inapaswa kuwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Potasiamu ni kati ya 3.5 na 5 hivi, na ikishuka au kupanda mno, moyo huanza kupiga ovyo.

Walinzi wa vipimo hivyo ni figo. Kwa siku moja huchuja takriban lita 180, zikarudisha karibu zote na kutoa mkojo wa lita moja au mbili. Mtu asipopata maji ya kutosha, figo hubana mkojo mpaka uwe mkali mara nne hivi kuliko damu. Hapo ndipo mwisho wa uwezo wake. Maji ya bahari, yenye gramu 35 za chumvi kwa lita, huvuka mpaka huo: anayeyanywa hutumia maji mengi zaidi kuitoa ile chumvi kuliko aliyoyapata. Maji ya kisima cha Kitui hayafiki huko, lakini hesabu ni ile ile: kadiri chumvi inavyozidi ndivyo figo zinavyohitaji maji zaidi kuitoa. Mtoto mchanga ndiye wa kuangaliwa kwanza, maana figo zake bado hazijajua kubana mkojo kama za mtu mzima.

Tumbo nalo lina hesabu yake. Kila siku matumbo hupokea lita nane au tisa za majimaji. Lita mbili tu ndizo tulizokunywa. Nyingine ni mate, nyongo na maji mengine yanayotoka mwilini kusaga chakula. Karibu zote hurudishwa kwenye damu, na kinachotoka na choo hakifiki hata glasi moja. Kipindupindu hupindua mpango huo. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, na hayatoki maji matupu: yanatoka na sodiamu, potasiamu na bikaboneti, jamaa wa karibu wa magadi tunayoyafahamu.

Bikaboneti ndiyo inayozuia damu isielemewe na asidi. Damu ya mtu mzima wa afya ina pH kati ya 7.35 na 7.45, nafasi nyembamba sana. Bikaboneti ikimwagika chooni, asidi hupanda, na mapafu hujaribu kuokoa hali kwa kuvuta pumzi ndefu na za haraka ili kutoa hewa ya kaboni. Mzazi akiona mtoto anahema hivyo anaweza kudhani ni nimonia. Potasiamu nayo ikipungua, misuli hulegea na tumbo hufura. Mhudumu wa zahanati humtambua mtoto aliyekaukiwa bila mashine yoyote: humfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili na kuiachia. Ngozi ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, macho yakiwa yamezama na mtoto hana nguvu ya kunywa, huyo ni wa dripu mara moja.

Zamani dripu ndiyo iliyokuwa tegemeo pekee, kwa sababu ilionekana kwamba tumbo linaloharisha halipokei kitu. Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba ukuta wa utumbo una mlango unaopitisha sukari na sodiamu kwa pamoja. Vikiingia, maji huvifuata. Mlango huo hubaki wazi hata wakati wa kipindupindu. Mwaka 1968 madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha kule Dhaka kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kutibiwa kwa kunywa. Miaka mitatu baadaye, vita vya Bangladesh vilipowasukuma wakimbizi India, Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu kambini Bangaon. Akachanganya chumvi na sukari kwenye mapipa, akawaacha jamaa za wagonjwa wawanyweshe. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Mwaka huo huo wa 1971, kipindupindu kiliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza.

Pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ya kunywa, inayotolewa leo ni mtoto wa kazi hiyo. Kwa lita moja ya maji ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti, ambayo mwili huigeuza kuwa bikaboneti. Pakiti isipokuwepo, kuna ya nyumbani: vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Hiyo ya nyumbani haina potasiamu, kwa hiyo ndizi mbivu husaidia. Soda haifai, maana sukari yake nyingi huvuta maji kurudi tumboni. Chumvi ikizidi ni hatari zaidi: huvuta maji kutoka kwenye seli za ubongo, na mtoto anaweza kupatwa na degedege.

Sasa turudi kwenye pampu, kwa maana hapo pana mtego. Vipimo hivyo vyote vimepangwa kwa maji yasiyo na chumvi. Tuseme maji ya kisima tayari yana gramu 2 za chumvi kwa lita. Ukimimina pakiti, unampa mtoto gramu 4.6. ORS ya zamani ilikuwa na gramu 3.5, na mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliipunguza kwa sababu iliyo nyepesi zaidi ilimfaa mtoto. Mama aliyefuata maandishi ya pakiti neno kwa neno atakuwa amepita hata ile ya zamani, bila kosa lolote lake.

Kwa hiyo nyumba yenye mtoto Tseikuru inahitaji mtungi mmoja wa maji matamu, ya mvua au ya mchangani, uliotengwa, yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Onja maji kabla ya kuchanganya, onja tena baada ya kuchanganya: yakizidi chumvi ya machozi, mwaga uanze upya. Endelea kumnyonyesha mtoto anayeharisha, na wa zaidi ya miezi sita apewe zinki, miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wanapofundisha ORS, swali lao la kwanza liwe maji yanatoka wapi. Na anayechimba kisima, awe serikali ya kaunti au mfadhili, apime chumvi kabla ya kufunga pampu na aandike matokeo pale pale kwenye tangi, kwa tarakimu kubwa. Mama anayepima nusu kijiko ana haki ya kujua nusu nyingine imo tayari majini.