Tabibu wa Timu Aanzie Kufunzwa Uwanjani (Sehemu ya Pili)

Mchezaji akianguka uwanjani bila kuguswa na mtu, uhai wake huhesabiwa kwa dakika. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka hivyo mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003, akafariki akiwa na miaka 28. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akiichezea Bolton, alianguka London mwezi Machi 2012. Moyo wake ulisimama kwa dakika 78, naye akapona. Christian Eriksen wa Denmark alirudishiwa uhai kwenye nyasi za Copenhagen mwezi Juni 2021. Hao wawili walifikiwa na watu waliojua kazi: kifua kikabonyezwa mara moja, moyo ukashtuliwa kwa mashine. Asiposaidiwa kabisa, nafasi ya mtu kuishi hupungua kwa asilimia 7 hadi 10 kila dakika. Sasa tupige hesabu hiyo hapa kwetu Taita-Taveta. Taveta iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi, na Wundanyi iko juu milimani. Hakuna ambulensi itakayoshinda saa kwa umbali huo. Kwa hiyo mafunzo ya tiba ya michezo katika kaunti hii lazima yawaendee wahudumu walio karibu na viwanja, yaani maafisa wa kliniki na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, badala ya kungoja madaktari bingwa ambao wengi wao wako Nairobi.

Afisa wa kliniki husoma stashahada kwa miaka mitatu katika vyuo kama Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC), ambacho kina tawi papa hapa Voi, na ndiye anayewatibu Wakenya wengi wa mashambani. Msingi anao. Kinachokosekana ni ujuzi wa pembeni mwa uwanja, na huo hutofautiana na wa wodini kuliko tunavyodhani. Tuchukue joto. Mashindano ya shule ya muhula wa kwanza, ya raga, magongo, mpira wa mikono na wa vikapu, huangukia miezi ambayo Voi huwaka. Mchezaji anayeanza kupepesuka na kusema maneno yasiyoeleweka huku mwili ukichemka, wengi wetu tungemkimbiza garini. Tiba iliyothibitishwa ni kinyume chake: apozwe kwanza papo hapo, kwa kuzamishwa katika maji baridi au kumwagiwa mfululizo, ndipo asafirishwe, kwa sababu nusu saa ya ubongo kuchemka barabarani haifidiwi na hospitali yoyote. Tena jasho lisimdanganye tabibu. Mwanamichezo aliyezidiwa na joto huweza kuwa bado anatokwa nalo.

Mtikisiko wa ubongo ni mgumu zaidi, kwa kuwa hauonekani. Wengi wanaoupata hawapotezi fahamu. Huinuka, hujipangusa vumbi na kuomba kuendelea. Makubaliano ya wataalamu wa kimataifa, waliokutana mara ya kwanza Vienna mwaka 2001, yamefikia msimamo ulio wazi: anayeshukiwa kutikisika ubongo atolewe na asirudi uwanjani siku hiyo. Kuijua kanuni ni rahisi. Kuisimamia mbele ya kocha, kapteni na umati wakati bao moja tu limebaki ni jambo jingine, na hapa naona mafunzo mengi hupungukiwa. Tabibu afundishwe kusema hapana, na waamuzi na walimu wakuu wafundishwe kuiheshimu hapana hiyo.

Watasema wengine kwamba mwalimu mwenye kisanduku cha huduma ya kwanza anatosha. Mwalimu aweza kuanza kubonyeza kifua, na afundishwe hivyo. Lakini mara nyingi mwalimu huyo ndiye kocha, na anayetaka ushindi hapaswi kuwa ndiye anayeamua nani mzima. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kaunti yenye wahudumu wachache iwatazame kina mama na watoto kwanza, michezo ingoje. Hoja hii inastahili jibu la kweli. Barabara ya Mombasa hadi Nairobi inapita Voi, na ajali zake huwaleta majeruhi walewale: shingo isiyopaswa kupindwa, damu isiyokoma, moyo uliosimama. Mikono iliyozoezwa uwanjani ndiyo itakayowapokea. Isitoshe, FIFA ina masomo ya tiba ya kandanda mtandaoni bila malipo, na Shirikisho la Raga Duniani lina kozi zake. Masomo ya mtandaoni hayafunzi mikono, kwa hiyo yafuatwe na mazoezi ya machela na kifua katika viwanja vyenyewe. Afya ni jukumu la kaunti tangu ugatuzi wa mwaka 2013. Uamuzi huu haungoji ruhusa ya Nairobi.

Wataalamu wa fiziotherapia nao wawafikie makocha kabla ya majeraha. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2008, kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, ulionyesha kuwa mazoezi ya dakika 20 ya kupasha mwili, yale ya FIFA yaitwayo 11+, yalipunguza majeraha kwa takriban theluthi moja, na yale makubwa kwa karibu nusu. Kwa timu zetu za wasichana, ambao kano za magoti yao hukatika mara nyingi kuliko za wavulana, hiyo ni tiba isiyohitaji dawa wala mashine. Kisha kila shule inayoandaa mashindano iandike, kabla ya firimbi ya kwanza, tabibu wa siku ni nani, gari litapita wapi, maji ya kupoza yako wapi, na nani ana ufunguo wa lango. Gharama ya vifaa, na nani ailipe, ni mada ya sehemu ya tatu.